Ndoto haipigi simu: namna ya kuitafutia nafasi kwenye nyumba yenye watu wengi

Wiki ambayo hela ya korosho inaingia benki, simu yangu haitulii. Shangazi anasalimia, anauliza watoto, ananyamaza kidogo, kisha anasema bati la jikoni limeoza. Mdogo wangu wa Masasi anasema mwenye nyumba amekuja mara ya tatu. Binamu ametuma kadi ya mchango kwenye WhatsApp, na jina langu limeshaingizwa kwenye orodha ya ahadi kabla sijaahidi kitu. Wote wana haki ya kupiga. Hata mimi nimewahi kuwapigia.

Kitu kimoja tu hakijawahi kunipigia: ile ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, niliyoitamani tangu nashonea cherehani ya kuazima. Ndoto haipigi simu. Haiumwi usiku, hairudishwi nyumbani na mwalimu, haina harusi mwezi ujao. Kwa hiyo kila foleni inapopangwa inasogezwa nyuma, nawe unasema mwakani, na mwakani unasema mwakani.

Mimi ni fundi cherehani, Chikongola, mjini Mtwara. Kwetu ni Newala, na ni mtoto wa kwanza kati ya watano. Sijasomea mambo ya fedha. Ninachoandika nimekipata kwa kunyang'anywa mashine mara moja na kuinunua tena mara ya pili. Kitamfaa zaidi mtu wa huku kwetu, Mtwara na Lindi, ambako wengi wetu pesa haiji tarehe 25 ya kila mwezi. Inaanguka mtini, kwa msimu.

1. Itaje ndoto mpaka iwe na bei

Miaka mingi nilisema nataka kuwa fundi mkubwa. Usiku mmoja baba watoto akaniuliza, "Fundi mkubwa ni shilingi ngapi?" Nilidhani ananikejeli, nikageukia ukutani. Asubuhi nikachukua daftari, maana swali lilikuwa la kweli na sikuwa na jibu.

Nilizunguka siku mbili nikiuliza bei. Ovaloki 650,000. Meza ya kukatia kwa seremala wa Magomeni ya hapa Mtwara 90,000. Kodi ya fremu ya duka miezi sita 360,000, kwa kuwa mwenye fremu hataki kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja. Leseni, rangi na kibao cha mlangoni nikatenga 150,000. Jumla 1,250,000. Hizo zilikuwa bei za mwaka ule, wewe nenda kaulize za kwako. Nilipoona ile jumla niliogopa, kisha nikapata nafuu. Milioni moja na robo ni nyingi kwa fundi wa barazani, lakini ina mwisho. "Fundi mkubwa" haikuwa na mwisho.

Halafu ivunje. Tafuta kipande kimoja ambacho kikiwepo peke yake kinaanza kuleta kitu. Kwangu kilikuwa ovaloki, kwa sababu kila nguo niliyoshona nilikuwa naipeleka kwa jirani anipigie ovaloki kwa 500. Kwenye msimu wa sare za shule hizo mia tano mia tano zilikuwa zinamlisha yeye na watoto wake. Fremu ingesubiri. Fremu bila ovaloki ni kivuli cha kulipia.

Kama ndoto yako ni shule, bei yake siyo ada peke yake. Weka nauli, weka chakula, weka na zile siku ambazo hutafanya kazi. Kabla hujawaza kuhamia Dar, angalia kilicho karibu. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, unasoma ukiwa kazini. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wapo miji yote miwili na wana kozi fupi. Aliyeishia darasa la saba anaweza kuanza na mtihani wa maarifa, ule watu wanauita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na wewe fundi uliyejifunzia chini ya mwembe kama mimi, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi ulioupata mtaani na kukupa cheti. Huanzi upya kama mtoto wa jana. Mafundi wengi wa hapa mjini hawaujui utaratibu huo, au wanaujua na wanaona aibu kupimwa.

2. Andika wote wanaokutegemea, na ndoto iwe mmoja wao

Hapa usifanye haraka. Chukua daftari la mtoto la mistari, chora safu nne: nani, nini, kiasi gani, lini. Nilipoandika mimi yakatoka majina tisa.

Bibi, kijijini: dawa za presha, na maji. Uwanda wa Makonde ukikauka, maji ni ya kununua kwa ndoo, na bibi hawezi tena kujitwisha. Mama: palizi ya mikorosho, vibarua wa kupulizia dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mdogo wetu wa mwisho, kidato cha tatu. Watu husema elimu ni bure, na ni kweli ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita 2022, lakini sare haijaondolewa, daftari hazijaondolewa, mchango wa chakula haujaondolewa. Wanangu wawili. Mume wangu, ambaye siku boda imekufa nami namtegemeza, na siku mimi sina oda yeye ananitegemeza. Na wengineo.

Mstari wa kumi nikaandika: Ovaloki.

Sikuiandika chini kabisa kwa wino mwingine, eti itapata kitakachobaki. Kwenye nyumba ya watu tisa hakibaki kitu. Niliiandika kama mtu, na ikala kwenye sinia moja na wenzake. Kila elfu kumi niliyopata baada ya kutoa kitambaa, uzi na zipu, elfu moja ilikuwa yake siku ileile, hata kama ilikuwa siku ya kununua unga. Wengine walikula kidogo pungufu, na sikuona aliyekonda.

Ukishaandika, soma orodha tena ukiwa peke yako. Utaona watu wa aina tatu. Wapo ambao usipotoa hawali, hawatibiwi, hawasomi. Wapo wanaoweza kungoja msimu. Na wapo waliozoea tu. Mimi nilimkuta mdogo wangu wa kiume wa miaka 24, ananunuliwa bando kila Ijumaa na dada yake wakati anabeba samaki Feri na analipwa kila siku. Sikumgombeza. Nilimwambia, "Mdogo wangu, bando nimeshindwa, lakini bibi anakunywa maji ya ndoo mbili kwa siku. Chukua ndoo moja." Alinuna wiki mbili. Akaanza kutuma.

3. Panga kwa msimu, siyo kwa mwezi

Ushauri mwingi wa fedha unaousikia redioni umeandikwa kwa ajili ya mwenye mshahara: gawa asilimia hii, gawa ile, kila mwisho wa mwezi. Ukiufuata huku utakuwa tajiri Novemba na mwizi Februari.

Chora miezi kumi na miwili, kisha andika juu yake pesa inapoingia na chini yake inapotoka. Kwa nyumba yetu iko hivi. Korosho zinaanza kuokotwa kuelekea Oktoba na minada inaendelea hadi mwisho wa mwaka, wakati mwingine inavuka. Januari ni sare, hapo mkulima analia na fundi anacheka. Februari na Machi ni mvua, kulima, ghala tupu, na wateja wanaokuja kuchukua nguo kwa mkopo. Kuanzia Mei mpaka Julai ufuta unavunwa na kuuzwa, hasa kwa ndugu zetu wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa. Mbaazi hufuata, Agosti na Septemba. Katikati ya yote kuna likizo ya Juni na ya Desemba, ambazo ni za jando na unyago, na kwenye ngoma hakuna anayekwenda mikono mitupu.

Sasa itafutie ndoto mwezi wake. Mwezi wa ndoto ni ule ambao pesa imeingia na bado haijapigiwa simu. Kwangu ni wiki mbili za mwisho za Januari, sare zikishalipwa. Mwenye ufuta ataona ni Julai. Mwenye korosho atasema Novemba, nami namwambia awe mwangalifu, maana Novemba ndiyo mwezi unaopendwa na watu wote.

Na usipange kwa bei ambayo haijalipwa. Tuliokuwepo 2018 hatujasahau. Wanunuzi wa korosho wakaja na bei ndogo, wakulima wakagoma, serikali ikatangaza itanunua kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, ila kuna waliolipwa mwaka uliofuata, na kuna waliokuwa wameshaezeka nyumba kwa maneno. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza ukapita 4,000, wakati mwaka mmoja nyuma yake ilikuwa karibu nusu ya hapo. Bei inayopanda na kushuka namna hiyo huwezi kuiandikia mkataba na mwenye fremu. Mimi napanga kwa bei ya mwaka mbaya. Ukija mzuri, ile ziada ndiyo ninayoigawa mara mbili, nusu ya ndoto, nusu ya nyumba.

4. Iseme nyumbani, na ujue uanzie kwa nani

Wengi wetu tunaficha. Tunaweka pesa kimya kimya, kisha siku ndugu akisikia umenunua mashine wakati mama anadaiwa dukani, unaitwa mchoyo, na hilo jina halifutiki kwa sabuni. Mimi nasema ndoto isemwe, ila isemwe kwa mpango.

Kwetu sisi tunaofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Mama anaweza kukuelewa vizuri kabisa na bado akakwambia, "Umemwambia mjomba wako?" Kwa hiyo nilipanda gari ya Newala na kilo mbili za sukari na doti ya kanga ya mke wake. Nilimkuta barazani anasuka kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona katikati ya wiki, kuna msiba?"

Hilo swali lilinifundisha kitu. Alikuwa hajawahi kuniona nikija kusema jambo langu. Nilikuja kwa misiba, harusi na kumtoa mwali. Nilimweleza: nataka mashine, bei yake hii, nitaifikia Januari ya mwaka kesho, na hadi siku hiyo nitatoa kwa bibi kiasi hiki, kwa mdogo wetu kiasi hiki, na mchango wa shughuli usizidi kiasi hiki. Nikamwonyesha daftari. Mjomba hasomi vizuri, ila anajua tarakimu kuliko mimi, kwa mizani ya korosho ya miaka yote hiyo. Akapitisha kidole, mstari kwa mstari, akafika wa kumi.

"Huyu Ovaloki ni mtoto wa nani?"

Tulicheka mpaka mke wake akatoka jikoni. Nikamwambia ni mashine, mjomba. Akanyamaza, akasema, "Haya. Ila akianza kuzaa, na sisi tupate wajukuu."

Hapo ndipo pa kuelewa. Ndugu hawaichukii ndoto yako. Wanaogopa itakuchukua usirudi. Wamewaona waliosomeshwa kwa korosho za ukoo wakaenda Dar wakabadilisha namba. Kwa hiyo ukiisema, sema na wao watapata nini, lini, na usiahidi usichokiweza. Nilimwahidi mjomba kushona sare za wajukuu zake bila kumtoza ufundi, kitambaa alete mwenyewe. Ni ahadi ndogo na naitimiza mpaka leo. Ningeahidi kumjengea nyumba, tungekuwa hatusalimiani.

Mambo mawili ya kuchunga. Usitaje kiasi ulichoshaweka, taja unachotaka kufikia na tarehe. Pesa ikishajulikana ipo, itapata mgonjwa. Na usiende kusema wiki ya malipo ya korosho, wala msibani, wala mbele ya kamati ya harusi. Nenda siku ya kawaida, watu wakiwa wameshiba.

Kwa mwenzi wako ni tofauti kidogo, maana naye ana ndoto yake. Mume wangu alikuwa anaendesha boda ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, na alikuwa anaitamani ya mkataba ili mwisho wa siku iwe yake. Tulikuwa tunavutana bila kusema. Kila mmoja akiweka kidogo, mwenzie anakiona kama kimeibwa kwake. Tulikaa tukakubaliana zamu. Ovaloki kwanza, kwa kuwa ingeingiza haraka zaidi, kisha pikipiki. Kwenye zamu yangu yeye alibeba chakula cha nyumba siku nne za wiki. Tuliandika, tukaweka sahihi wote wawili, mtoto mkubwa akiwa shahidi. Ndoto mbili kwa wakati mmoja kwenye nyumba moja ya kipato chetu ni sawa na wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kuimba. Michi itagongana.

5. Chagua pesa ilale wapi

Kibubu cha mbao ni kizuri kwa shilingi mia tano na elfu. Kikizidi laki, mtu wa nyumbani atakijua, hata kwa kukitikisa.

Kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, kinafaa kama zamu yako inaangukia mwezi wa ndoto. Omba zamu hiyo mapema, usingoje kura. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ni bora zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu moja ambayo watu huipita haraka: mfuko wa jamii. Ule mchango mdogo wa kila wiki unaotolewa mwanachama akifiwa au akilazwa ndio unaoilinda ndoto. Bila mfuko huo, msiba mmoja unakula mashine nzima. Kabla hujajiunga uliza kikoba kinavunjwa lini. Vingi huvunjwa Desemba, katikati ya sherehe, na gawio linaishia kwenye kanga na mchele. Chetu tulikubaliana kivunjwe wiki ya mwisho ya Januari.

Namna nyingine ni kununua vipande kabla. Mimi nilinunua mkasi mzuri, koni za uzi na futi hata kabla ya mashine. Uzi hauombwi na shangazi.

Akaunti ya benki mkulima anayo tayari, maana ukishapima korosho chama cha msingi cha ushirika na kupewa stakabadhi, malipo baada ya mnada yanapitia huko. Siku zinaingia, usitoe zote. Toa za kwenye orodha, rudi nyumbani. Kupanga foleni mara ya pili ni ulinzi mzuri.

6. Jihadhari na pesa ya kukatisha

Hapa nasimulia aibu yangu. Mara ya kwanza ovaloki niliinunua Februari, bila msimu wowote. Niliona fundi mwenzangu anayo, roho ikaniuma, nikaenda kwa wale wa mikopo ya haraka, ile mtaani tunaiita kausha damu. Walinipa siku hiyohiyo, kwa kitambulisho na picha ya mashine yenyewe. Marejesho kila wiki. Februari na Machi hakuna anayeshona. Wiki ya tano nikakosa, ya sita nikakosa. Wakaja vijana wawili na boda, asubuhi, nikiwa katikati ya kazi. Waliinyanyua na koni zake tatu juu, uzi wa bluu wa sketi ya shule ukiwa bado umo kwenye sindano. Sketi yenyewe ikabaki mikononi mwangu, upande umepigwa, upande haujapigwa. Nilimrudishia mteja hela yake, nikafunga siku tatu.

Mkopo sio shetani. Shetani ni marejesho ya kila wiki kwa mtu ambaye pesa yake ni ya msimu. Kama lazima ukope, kopa kwenye kikoba chako, au jiungeni muombe ile ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ina mlolongo, ina vikao, afisa maendeleo ya jamii wa kata atakuchosha kwa fomu. Bora kuchoka.

Ndugu yake kausha damu ni kangomba. Mnunuzi anakuja kipindi cha njaa, anakupa hela ya unga, na korosho zako, hata kabla hazijaokotwa, zinakuwa zake kwa bei ya kutupa. Inakatazwa kila msimu na kila msimu ipo, kwa sababu njaa haisomi tangazo. Dawa niliyoiona ikifanya kazi kwetu ni ya mama: gunia la mahindi na debe mbili za mbaazi anazifungia chumbani kwake Desemba, kabla hajamnunulia yeyote nguo, na ufunguo anakaa nao kiunoni. Februari hana haja na mtu. Ukitaka kulinda mikorosho, na ndoto iliyo nyuma yake, anza na gunia.

7. Michango: toa, ila kwa kipimo

Harusi, kumtoa mwali, jando, arobaini. Usijifanye wa Ulaya ukasema hushiriki. Siku ya kwako utakaa peke yako na sufuria. Mimi nimejiwekea kiasi cha mwaka mzima kwa shughuli zote, nimekigawa bahasha: ndugu wa damu bahasha kubwa, jirani na wateja ndogo. Zikiisha, natoa kazi. Nashona vitambaa vya meza, napinda sare za mwali, naenda kupika kuanzia alfajiri. Mtu aliyekukuta moshini kwenye shughuli yake hakuulizi ulitoa ngapi.

Kamati ikikupigia na kiwango chao, jibu kwa tarakimu. "Nitaangalia" huku inasomeka kama ndiyo. Sema, "Dada, nina elfu ishirini, naituma Ijumaa, na Jumamosi nakuja kupika." Tuma Ijumaa kweli.

8. Ikiharibika, hamisha tarehe

Itaharibika. Mwaka jana bibi alilazwa, tukahangaika naye wiki tatu, mfuko wa jamii ukatoa sehemu, kilichobaki nikakitoa kwenye akiba ya pikipiki. Sikujiuliza mara mbili. Nilichofanya baadaye ni kukaa na daftari, nikakata "Januari" na kuandika "Desemba". Nikaendelea kuweka ile sehemu ya ndoto hata ilipokuwa mia mbili, ili mstari usikae mtupu. Mstari ukikaa mtupu miezi mitatu, macho yanazoea.

Kila msimu ukiisha naurudia kuusoma ukurasa wote na mume wangu, taa ikiwa imewashwa na watoto wamelala. Bibi amepona, ndoo zake zimekuwa tatu kwa siku. Mdogo wetu amemaliza kidato cha nne, amefutwa mstari wa daftari na kuandikwa mstari wa nauli ya kutafuta chuo. Zamu sasa ni ya pikipiki, na kila jioni napigia ovaloki nguo za mafundi wengine wawili kwa ajili ya hiyo, mia tano mia tano. Fremu nimeiandika chini yake, kwa penseli.